Alinunua Mashine Mbovu ya Kufulia kwa Bei ya Chuma Chakavu, Mtaa Ukamcheka! Kumbe Alikuwa Anamtoa Mama Ake Ziwani

Ukitaja mashine ya kufulia mbele ya vijana wa mjini, wengi wanawaza nyumba ya geti, sakafu ya vigae na mtu anayebonyeza kitufe kisha anarudi kwenye sofa kuangalia tamthilia. Yaani ni kitu cha watu wenye nazo. Sasa huko Luchelele, pembeni kabisa ya Ziwa Victoria jijini Mwanza, kuna binti wa miaka 24 ana mashine ambayo haina kioo wala kitufe kinachowaka, huenda inamzidi umri mama yake mzazi, na aliinunua kwa kilo kama chuma chakavu. Mtaa ulimcheka karibu miezi mitatu. Leo mtaa huohuo unapanga foleni na mabeseni.

Majina hayatatajwa hapa maana wenyewe hawataki mambo ya umaarufu. Ila stori yao ina vitu ambavyo kila mwenye mama anayefua kwa mikono anatakiwa kuvisikia.

MAMA ALIKUWA ANASHINDA NDANI YA MAJI

Mama wa huyu binti ni mfuaji. Si dobi mwenye fremu na pasi, hapana, ni yule mama wa kupita kwenye mahosteli akibisha hodi na kuuliza, "Mna nguo wanangu?" Wateja wake wakubwa ni wanafunzi waliopanga Malimbe, kule kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino ambacho wengi wanakiita SAUT, pamoja na gesti mbili tatu za Nyegezi zinazompa mashuka. Kwa kazi hiyo amesomesha watoto wawili mpaka kidato cha nne, peke yake.

Bomba la kwao linatoka kwa mgao, na maji ya kununua kwa ndoo yanakula faida yote. Kwa hiyo mama alifanya kama wanavyofanya wanawake wengi wa mwambao. Jua likishatoka anajitwika beseni, anashuka ziwani na wenzake, anaingia mpaka magotini na kufua hapo hadi saa nane mchana. Wanapiga stori, wanacheka, wanaanika mashuka kwenye mawe. Ukipita na kamera utaondoka na picha kali sana.

Ambacho hakionekani kwenye hiyo picha ni kichocho. Ukanda wa Ziwa Victoria ni moja ya sehemu zenye kichocho kingi Tanzania, hasa kile cha tumbo. Mzunguko wake uko hivi: mtu mwenye ugonjwa akijisaidia karibu na maji, mayai ya minyoo yanaingia ziwani na kuanguliwa, kisha vijidudu vinaingia kwenye konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya pembeni. Humo vinaongezeka, halafu vinatoka vikiwa vingi na kuogelea vikitafuta ngozi ya binadamu. Havisubiri uwe na kidonda, vinapenya tu. Na vinatoka kwa wingi mchana wa jua, muda uleule ambao wafuaji wamesimama majini.

Mama alishatibiwa zaidi ya mara moja. Dawa ipo, inaitwa praziquantel, na inafanya kazi. Tatizo ni kwamba inaua minyoo iliyokwisha komaa mwilini, haikuwekei kinga ya kesho. Ukimeza leo, wiki ijayo ukarudi kusimama kwenye maji yaleyale, unaanza upya. Ndicho alichoambiwa mama alipofika zahanati na tumbo linalokata na choo chenye damu: dawa utapata, ila ukiendelea kuingia ziwani tutaonana tena hapa.

Mama akajibu, "Nisipoingia ziwani nitakula nini, daktari?"

Binti alikuwa amekaa pembeni yake kwenye benchi. Siku hiyo walirudi nyumbani bila kuongea.

MASHINE ILITOKA WAPI?

Kabla hajazaa, mama alikuwa dada wa kazi kwenye nyumba moja ya mlima wa Isamilo. Mwenye nyumba alikuwa mzee aliyeshika cheo kwenye mambo ya pamba, enzi zile pamba ndiyo hela ya Mwanza. Kwenye stoo ya nyumba hiyo kulikuwa na mashine ya kufulia nyeupe, ya mapipa mawili, iliyokufa kabla mama hajaajiriwa. Alifua nguo za familia nzima kwa mikono, kila siku, hatua chache kutoka ilipo mashine. Aliwahi kuuliza kama haiwezi kutengenezwa. Akajibiwa haina haja, mikono ipo.

Miaka ikapita, mzee akafariki, watoto wake wakaamua kuuza nyumba. Mama akaitwa kusaidia kusafisha, akaenda na binti yake. Walipofika stoo, mnunuzi wa chuma chakavu alishafika na mizani yake. Mama akaionyesha ile mashine na kusema kwa utani, "Huyu ndiye aliyekuwa anapumzika mimi nikifua."

Binti hakucheka. Alimfuata mnunuzi, akauliza mzigo ule unakuja shilingi ngapi, akaambiwa 45,000. Kwenye kibubu chake alikuwa na 210,000 alizodunduliza mwaka mzima ili anunue simu, maana kioo cha simu yake kilishapasuka kama ramani. Akalipa. Guta la kuifikisha Luchelele likala 15,000 nyingine.

Mtaani ikawa vichekesho. Mmoja akauliza kama ni friji la marehemu. Mwingine akasema shetani wa kupoteza hela amempanda. Kaka ake, ambaye anavua dagaa usiku na kulala mchana, aliisaidia kuishusha kisha akamwambia, "Dada, ungeninunulia hata nyavu." Na mama mwenyewe alikasirika kweli. Hakutaka kuiona ile mashine kwenye uwanja wake.

NI MASHINE GANI HASA?

Juu ya mfuniko kulikuwa na neno Hoover, na nyuma kibandiko kinachosema imetengenezwa Uingereza. Kampuni hiyo ilifungua kiwanda cha mashine za kufulia mwaka 1948 katika mji wa Merthyr Tydfil, Wales, na kiwanda kikafungwa mwaka 2009. Kwa hiyo sahau habari ya kuingia dukani Mwanza na kuulizia spea yake.

Ila mashine za aina hii zina uzuri wake. Pipa moja ni la kufulia, ndani kuna sahani inayozunguka na kuyapeleka maji na nguo. Pipa la pili ni jembamba, kazi yake ni kuzungusha nguo kwa kasi mpaka maji yatoke. Wewe ndiye unayehamisha nguo kutoka pipa moja kwenda jingine. Hakuna kompyuta ndani. Kuna mota, mkanda, kapasita za kuzipa mota nguvu ya kuanza, taima ya kuzungusha kwa mkono, na breki ya lile pipa la kukausha. Basi.

Na kubwa zaidi, unaijaza kwa ndoo. Mashine nyingi za kisasa zinategemea bomba lenye presha. Bomba likikauka katikati ya kazi, inasimama na nguo zako ndani. Hii ya zamani haijui mgao ni nini. Ukiwa na pipa la maji na umeme, kazi inaenda.

KASHESHE LA UMEME

Jioni ya kwanza kaka mtu alisema tusipoteze muda, tuichomeke tuone. Akaichomeka. Ikaunguruma bila kuzunguka, ikatoa harufu ya kuungua, na alipoigusa ubavuni ikampiga shoti akaanguka chali. Bahati nzuri alikuwa amevaa ndala na uwanja ulikuwa mkavu. Panya walikuwa wametafuna nyaya, na umeme ulikuwa unatembea kwenye bodi nzima.

Kesho yake binti akapanda daladala mpaka mjini, eneo la Makoroboi. Kwa wasiojua, eneo hilo limepata jina kutokana na koroboi, zile taa ndogo za bati za mafuta ya taa, ambazo mafundi wake walizitengeneza kwa chuma na makopo yaliyotupwa. Yaani ni mtaa wenye historia ya kufanya kitu kilichokufa kirudi kazini. Huko akaelekezwa kwa mzee mmoja anayesuka mota.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Umeleta pampu?"

Alipomweleza, mzee hakucheka. Aliuliza swali moja tu, nani aliichomeka. Akasikia jibu, akatikisa kichwa. Akasema redio mbovu ukiichomeka inanyamaza, lakini mashine ya maji mbovu ukiichomeka inazika mtu. Akampa masharti kabla ya kumfundisha chochote.

La kwanza, mashine ya zamani haichomekwi mpaka nyaya zake zote zikaguliwe. La pili, hata ukichomoa umeme, kapasita inaweza kuwa imehifadhi chaji, hivyo usiiguse kwa vidole mpaka fundi anayejua aimalize. La tatu, bodi ya chuma lazima iwe na waya wa ethi, ule unaoshuka ardhini, ili umeme ukivuja upate njia nyingine isiyo mwili wako. La nne, kwenye nyumba iwepo swichi ya usalama inayokata umeme ukianza kuvuja. Nyumba yao haikuwa na ethi kabisa. Aliyekuja kuifunga ni fundi umeme mwenye leseni, na hiyo ndiyo ilikuwa gharama kubwa kuliko zote.

MIEZI MITATU YA SPANA NA MSASA

Binti alikuwa anaamka saa nane usiku kwa ajili ya bando la usiku, anaangalia video za wazee wa Uingereza wanaofungua mashine kama ile, anapiga picha kila nati kabla hajaitoa. Kiingereza chake cha kuungaunga, ila mikono ya kwenye video haina lugha.

Mota ya kufulia ilikuwa imeungua. Mzee wa Makoroboi akaivua waya wote wa kopa na kuisuka upya, akapaka vanishi, akaikausha. Mota ya kukausha ilikuwa nzima, kapasita yake tu ndiyo imekufa, ndiyo maana ilikuwa inaunguruma bila kuondoka. Mkanda ulikuwa umekauka kama ngozi ya mbuzi juani. Bushi inayoshika mhimili wa pipa la kukausha ilikuwa imelika, ikabidi mhimili upelekwe kwa fundi wa kukereza vyuma Nyakato akachonge mpya ya shaba.

Kilichokaribia kumkatisha tamaa ni kitu kidogo, sili ya raba inayozuia maji yasishuke kwenye mota. Ilipasuka, na bila hiyo hakuna mashine. Alizunguka maduka ya vyombo vya umeme wiki nzima, kila mahali anaulizwa modeli. Mwisho mzee akamwambia aache kuuliza jina, aulize saizi. Wakaipima kipenyo cha ndani, cha nje na unene, binti akaingia duka la spea za magari na vipimo kwenye karatasi. Akatoka na sili ya gari iliyokaa kana kwamba ilitengenezwa kwa ajili hiyo. Shilingi 5,000.

Hesabu yake yote ilikaa hivi: kapasita mbili 16,000, mkanda 7,000, sili 5,000, kusuka mota 50,000, bushi 20,000, waya mpya na ethi 60,000, bati la chini na rangi ya kupuliza 15,000, bomba la kutolea maji 6,000. Jumlisha bei ya kununulia na guta, inakuja 239,000. Kibubu kilikuwa na 210,000. Ile 29,000 iliyopungua ilitolewa na kaka mtu kwenye hela ya dagaa, tena kimyakimya, ikiwa imekunjwa kwenye karatasi ya sigara.

SIKU YA KUIWASHA

Waliiwasha kwanza na maji matupu. Ikazunguka. Wakakaa dakika kumi wanaangalia chini kama inavuja, haikuvuja. Walipojaribu pipa la kukausha na shuka moja zito, mashine ikaanza kuruka na kutembea uwanjani kama imepandwa na mashetani, watoto wa jirani wakakimbia. Kosa lilikuwa kurundika nguo upande mmoja. Wakazipanga kuzunguka pipa lote, wakaweka vipande vya tairi chini ya miguu, ikatulia.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na beseni lake la kwenda ziwani. Hakusema pongezi. Alitoa shati jeupe la mwanafunzi, akampa binti. Lilipotoka, akaligeuza, akanusa kwapa, akaangalia kola.

"Kola haijatakata," akasema.

Na ilikuwa kweli. Mashine inafua shati zima sawasawa, haijui kwamba uchafu wa shati uko kwenye kola na mikono. Mama akalipaka kola sabuni ya mche, akalifikicha kwa sekunde kadhaa, akalirudisha mwenyewe kwenye pipa. Safari hii likatoka linang'aa. Mpaka leo ndiyo utaratibu: kola na mikono ya shati vinapita kwanza kwa mama, halafu mashine inamalizia ile kazi ya kuvunja mgongo. Kukamua shuka kumi na tano za gesti kwa mikono ndiko kulikokuwa kunamlaza mama na maumivu ya viganja.

Siku hiyo hakwenda ziwani. Lakini usiku akamuuliza binti kitu ambacho binti hakukitegemea. "Na wenzangu je?"

Maana hapo ndipo penyewe. Wale wanawake watano anaofua nao wamemfariji alipofiwa na mume, wamemkopesha ada, wamembeba alipougua. Mashine ikifanya kazi ya siku nzima kwa saa chache, mama angeweza kuchukua mashuka ya gesti zote. Wenzake wangebaki na nini? Binti alishapiga hesabu za faida, alishapanga mpaka bango. Mama akakataa katakata. Akasema hawezi kutoka majini kwa kuwasukumiza wenzake kina kirefu.

Walibishana siku mbili. Mwisho mama akaweka sheria yake: kila mmoja anabaki na wateja wake, anakuja na nguo zake na sabuni yake, analipa 1,500 kwa mzunguko mmoja, na hela hiyo inanunua LUKU na spea. Umeme wenyewe si wa kutisha. Mota ya wati 350 ikifanya kazi dakika 15 inakula chini ya sehemu moja ya kumi ya uniti. Kinachokula hela ni maji na matengenezo.

MAMBO YALIVYO SASA

Siku za mgao wanajaza simtank mbili kutoka bombani. Yasipotosha, kaka mtu anachota ziwani, na hapo kuna kanuni: maji ya ziwa hayatumiki siku hiyohiyo. Yanakaa siku mbili kwenye simtank iliyofunikwa, kwa sababu vile vijidudu vya kichocho vikikosa mwili wa kuingia vinakufa ndani ya muda huo. Maji machafu ya sabuni hayarudi ziwani, yanaenda kwenye shimo lenye mawe na changarawe mbali na ukingo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mama hataki kugombana na mtu.

Si kwamba maisha yamekuwa fresh moja kwa moja. Bushi ya kwanza ililika baada ya wiki sita, shuka za gesti zikiwa ndani na mwenye gesti anazitaka jioni. Zilikamuliwa kwa mikono na wanawake sita wakiimba. Umeme ukikatika, wanasubiri. Na kaka mtu bado ni mvuvi, bado anaingia majini kila siku, kwa hiyo yeye zahanati na dawa ni sehemu ya maisha yake.

Lakini mama alimeza dawa mwezi uleule mashine ilipoanza kazi, na alipokwenda kupimwa baada ya mwaka, majibu yalikuwa safi kwa mara ya kwanza tangu binti aanze kuyafuatilia. Wenzake wawili nao wamekwenda kupima baada ya kuona hivyo.

Juzijuzi jamaa mmoja wa mjini alifika na gari zuri akitaka kuinunua aiweke kwenye mgahawa wake kama pambo, akataja laki tano. Binti alimwangalia mama. Mama alikuwa anapanga nguo kuzunguka pipa, akasema bila kugeuka, "Mgeni mpe kiti, mwambie tunamalizia mzunguko wa tatu."

Jamaa akakaa, akasubiri, akaondoka na jibu lake. Simu ya binti bado ni ileile ya kioo kilichopasuka. Video za mafundi anaziangalia hivyohivyo, sasa hivi anajifunza kusuka mota mwenyewe.